Mbuya na Hawara: Tafsiri ya Mapenzi katika Mizani ya Fasihi

Mwaka 1971 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold K. Schneider, alichapisha kwa Kiingereza makala juu ya mapenzi miongoni mwa Wanyaturu wa Singida. Kiini cha makala hiyo ni neno moja la Kirimi, yaani mbuya. Kwa maelezo yake, ndoa ilikuwa jambo la koo na la mahari ya mifugo. Mbuya alikuwa mpenzi wa nje ya ndoa, ambaye mwanamke na mwanamume walichaguana kwa hiari yao, na uhusiano wao ulikuwa wa siri yenye adabu zake. Mume aliyewafumania aliweza kudai fidia. Hata hivyo uhusiano huo ulikuwa na jina, na jamii ililifahamu jina hilo.

Tuseme mwalimu wa Singida anataka kuifasiri makala hiyo ili wanafunzi wake wasome habari za babu na bibi zao. Mbuya atamwitaje kwa Kiswahili? Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halijibiwi na kamusi peke yake, na kwamba fasihi yetu, ya kale na ya sasa, ina mengi ya kumfunza mfasiri huyo.

Neno la kwanza litakalomjia ni hawara. Maana yake ya msingi yakaribia: mpenzi asiye wa ndoa. Lakini hawara ni neno la kushutumu. Mtu hajiiti hawara. Huitwa hivyo na wengine, tena mara nyingi akiwa hayupo. Mfasiri akilitumia, atakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajasikia ushahidi. Mpenzi nalo ni pana mno, kwani hufaa kwa mchumba, kwa mke, na hata kwa msomaji anayeandikiwa barua. Mchumba huelekea kwenye ndoa, na mbuya hakuelekea huko. Kimada humfanya mwanamke kuwa mtu wa kutunzwa, ilhali mbuya alichagua kama alivyochaguliwa.

Sasa na tuitazame fasihi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Humo mwanamke aelezwa kwamba anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Neno linalobeba uzito wa ndoa hapa ni radhi, wala si mahaba. Mfasiri anayeliona neno hilo akaandika "mapenzi" tu atakuwa ameupoteza mpango mzima wa jamii ya Pate na Lamu ya wakati ule. Mapenzi yenyewe yana sura mbili, kwa kuwa twasema mapenzi ya vijana, na twasema pia mapenzi ya Mungu kwa maana ya matakwa yake. Waandishi wa dini waliotaka kuepa utata huo wameliegemea neno upendo. Kwa hiyo Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya mapenzi. Kila neno lina mahali pake pa kukaa, na mahali hapo hujulikana kwa kusoma.

Kuhusu mtu na nafsi yake, hali ni hiyo hiyo. Siku hizi maofisini na madarasani twatumia utambulisho, neno lililo jirani sana na kitambulisho cha mfukoni. Shaaban Robert alikwenda njia nyingine. Katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, mhusika mkuu aacha kazi ya mshahara na kushika jembe, na jina lake limeundwa kwa utu na ubora. Swali la mwandishi ni huyu ana utu gani, zaidi ya kuwa huyu ni nani. Hata jina Wanyaturu lastahili kuulizwa hivyo, maana wenyewe hujiita Arimi, na kwa Kiswahili Warimi. Mfasiri makini atayataja majina yote mawili.

Neno la jamii nalo halikosi upande. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Bepari lilitoka Kigujarati kwa maana ya mchuuzi, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha msomaji wa Tanzania alisikia ndani yake mnyonyaji. Antonio, anayesifiwa mchezoni kwa ukarimu, akaingia katika kundi hilo. Nyerere alijua alitendalo. Mfasiri anayeandika hawara bila kufikiri hutoa hukumu ya namna hiyo hiyo, ila yeye hajui kwamba ameitoa.

Hatari ya hukumu hiyo yaonekana wazi katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa makala ya Schneider. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Rosa angeweza kumalizwa kwa neno moja la matusi, na wako waliommaliza hivyo. Mwandishi amekataa. Atuonyesha ukali wa baba, malezi, shule na walimu, ndipo atuachie sisi swali la nani mwenye kosa.

Wako watakaosema kwamba kuliacha neno mbuya bila kulilaani ni kuutukuza uzinzi mbele ya watoto. Hoja hii hatuidharau, kwani mwalimu ana wajibu wa malezi. Lakini kutaja si kusifu. Mwalimu anaweza kuukosoa utaratibu huo baada ya kuueleza. Hawezi kuukosoa kwa haki ikiwa neno lenyewe limekwisha kuuficha.

Basi tunapendekeza hivi. Neno mbuya libaki katika matini ya Kiswahili, lichukue upatanisho wa viumbe hai, na lifafanuliwe mara ya kwanza linapotokea. Si jambo jipya: ngeli tumelipata Kihaya, na kung'atuka, ambalo Nyerere alilieneza alipoacha urais mwaka 1985, limetoka Kizanaki. Pili, ufafanuzi huo usitegemee maandishi ya mgeni mmoja peke yake. Waulizwe wazee wa Kirimi, na hasa wanawake, kwa sababu utaratibu ulioelezwa kuwa wa hiari yao haufai kuandikiwa kamusi bila kauli yao. Wazee hao hawatakuwapo siku zote.