Mpaka wa Kimaadili wa Ugunduzi katika Frankenstein (1931) na Gojira (1954)

Filamu kongwe za bunilizi za kisayansi zimezoeleka kusomwa kama hadithi za onyo: mwanasayansi avukaye mpaka huangamia. Usomaji huo hausemi mpaka wenyewe uko wapi. Makala haya yanadai kuwa Frankenstein ya James Whale inauweka kwenye tendo la kuumba, ilhali Gojira ya Ishirō Honda inauweka kwenye mikono inayoyapokea maarifa.

Frankenstein inafunguliwa na mzungumzaji anayemtahadharisha mtazamaji kuhusu mtu aliyetaka kuumba binadamu bila kumzingatia Mungu. Kosa, basi, ni kufuru. Hata hivyo, msuko unaukana utangulizi huo. Kiumbe anapozinduka anaunyooshea mwanga mikono. Mateso anayapata baadaye, kwa mwenge wa Fritz. Mtoto Maria anakufa ziwani kwa kuwa kiumbe, asiyefunzwa lolote, anadhani ataelea kama maua waliyokuwa wakiyatupa majini. Chanzo cha maafa ni kutelekezwa, si kuumbwa. Filamu inalikwepa hitimisho hilo kwa kuingiza ubongo wa mhalifu ulioibwa na Fritz, jambo lisilokuwamo katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818. Ubongo huo unaihamisha lawama kutoka kwa muumbaji hadi kwenye malighafi, na Henry Frankenstein ananusurika huku kiumbe wake akiteketezwa.

Gojira ilitolewa mwaka uleule ambao jaribio la bomu la Marekani huko Bikini liliwadhuru wavuvi wa Kijapani. Dkt. Serizawa, aliyegundua kifaa kinachoangamiza oksijeni majini, haoni dhambi katika kutafiti. Anachohofia ni kwamba wanasiasa watakigeuza silaha. Anakubali kukitumia mara moja tu. Anazichoma nyaraka zake, kisha anakata mpira wake wa hewa chini ya bahari, kwani nakala ya mwisho imo kichwani mwake.

Kujitoa mhanga huko kunagusa, lakini hakutoshi kuwa jibu. Gojira ameamshwa na majaribio ya mabomu, kazi ya serikali na si ya mtafiti mpweke. Ndiyo maana maneno ya mwisho ya Profesa Yamane, kwamba majaribio yakiendelea huenda Gojira mwingine akatokea, yanaipunguzia kafara hiyo uzito wake. Jibu pana zaidi linadokezwa na onyesho la bungeni, ambapo wabunge wanawake wanadai asili ya Gojira itangazwe, ilhali mwenzao anataka ifichwe kwa kuhofia uhusiano wa kimataifa. Hapo maadili ya sayansi yanakuwa suala la umma na haki yake ya kujua.

Filamu hailiendelezi dokezo hilo. Kati ya mienge ya wanakijiji wa Whale na kifo cha hiari cha Serizawa, uwajibikaji wa taasisi unabaki pengo. Usomaji unaoishia kumlaumu mwanasayansi mmoja unalifunika pengo hilo badala ya kulihoji.