Jembe na Baraza: Juu ya "Elimu ya Kujitegemea"

Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake "Elimu ya Kujitegemea". Twakifungua tena, kwa maana swali lake lingali mbele yetu: shule ya umma yenye fedha chache yaweza kuwafaa nini jirani zake?

Hapa Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, swali hili tunaliona kwa macho. Iko shule ya sekondari ya wasichana, nayo ni ya serikali. Na kandokando wako wakulima wa mtama na uwele, wanaongojea majira moja tu ya mvua katika mwaka. Kodi zao huitunza shule. Je, wao hupata nini?

Kijitabu chaeleza kwamba siku zile watoto kama 13 tu katika 100 wa shule za msingi walipata nafasi ya sekondari. Waliobaki walirudi kwao wakijiona wameshindwa. Dawa yake ni hii: kila shule iwe na shamba, wanafunzi walime, tena wao wenyewe washiriki kuamua mapato yatumikeje. Pia yatupasa tusidharau maarifa ya wazee wasiosoma vitabuni. Maneno haya ni ya kweli, nasi twayasifu.

Lakini shule nyingi zilichukua jembe zikaliacha baraza. Mtoto alilima asiambiwe gunia limekwenda wapi, na mkosaji alipelekwa shambani kuwa adhabu yake. Basi kazi iliyokusudiwa kuwa somo ikachukiwa. Kosa hili ni la watendaji kwanza. Hata hivyo twaona kijitabu nacho kilitegemea mno wema wa walimu, kisikaze neno la hesabu kusomwa mbele ya wazazi.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shule isiyo na fedha ina walimu, ina ukumbi, ina mbegu na maarifa. Na iwaulize kwanza wanakijiji wamepungukiwa na nini, kisha itoe iliyo nayo, na hesabu ya shamba isomwe hadharani. Nasi wazazi, tusingoje kuitwa: katika mkutano ujao wa shule tuulize habari za gunia, na jembe letu tuwe nalo mkononi.