Gitaa bila waya Rwamgasa: tuanze na ethi

Mpiga solo anayekwenda kupiga Rwamgasa, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita, akitaka kujua kama anunue wayalesi ya gitaa, fundi mitambo asianze na bei wala jina la kampuni. Aanze kwa kumuuliza umeme wa jukwaa unatoka wapi, na nondo ya ethi imechimbiwa wapi.

Nina sababu. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maiki isiyokuwa na ethi mbele ya mashabiki, akafariki. Desemba 1976, huko Lakeland, Florida, Ace Frehley wa Kiss alishika reli ya chuma ya ngazi huku gitaa likiwa mwilini. Alipigwa shoti, akaanguka, ila alipona. Baada ya hapo Kiss walihamia kwenye mtambo wa Ken Schaffer, mmoja wa mitambo ya kwanza ya gitaa bila waya kuaminika jukwaani. Kukimbia huku na huko mbele ya mashabiki ilikuwa faida, lakini usalama wa mpigaji ulikuwa hoja nzito zaidi.

Nyuzi za gitaa la umeme zimeungana, kupitia brichi na waya wa nje wa keboli, na bodi ya chuma ya amplifaya. Amplifaya ikivuja umeme na ethi haipo, nyuzi nazo zinakuwa na umeme. Mpigaji hasikii kitu, mpaka midomo iguse maiki iliyofungwa kwenye miksa. Hapo umeme unapata njia ya kupita mwilini mwake, na moyo uko katikati ya njia hiyo. Wayalesi inaikata njia: kati ya gitaa na amplifaya hakuna tena shaba, kuna mawimbi ya redio tu. Mahali ambapo ukumbi unaweza kuwa laini moja na mota za makarasha ya kusaga mawe, au ukategemea jenereta lililowekwa juu ya matofali bila nondo yoyote ardhini, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, inamwokoa mtu mmoja. Mwimbaji mwenye maiki ya waya na mpiga besi wako kwenye hatari ileile. Kwa hiyo kabla ya kupasha moto vyombo, chukua mita, iweke kwenye volti za AC, gusisha ncha moja kwenye nyuzi za gitaa la waya na nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu na mtafute fundi umeme. Muziki utasubiri.

Kuhusu sauti, gitaa la dansi linaishi kwenye ncha zake kali, hasa sebene linapopamba moto. Keboli ndefu huzila ncha hizo: keboli ya mita 10 ina kapasitansi ya kama pikofaradi 1,000, ya kutosha kulifanya gitaa lisikike zito. Wayalesi nzuri haina ulaji huo, hivyo mpigaji aliyezoea keboli atasikia gitaa limekuwa kali kuliko jana, na itabidi arudishe kitufe cha toni kidogo. Ucheleweshaji wa zile za kidijitali, kama milisekunde 3, ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye spika. Sioni sababu ya kuuogopa.

Masafa ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mitambo mingi ya bei ya kati inatumia 2.4 GHz, masafa yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na mawimbi hayo hunyonywa na maji, yaani na miili ya watu. Ukumbi ukijaa, risiva iliyowekwa sakafuni nyuma ya amplifaya itapoteza mawasiliano. Iinue juu ya vichwa, ielekee kwa mpigaji. Na mitumba kutoka nje inayotumia masafa ya 700 MHz msiinunue kabisa: Marekani iliyapiga marufuku kwa maiki za wayalesi tangu Juni 2010, na hapa kwetu masafa hayo ni ya kampuni za simu.

Basi hukumu yangu ni hii. Mpiga rizimu na mpiga besi, wanaosimama hatua mbili kutoka kwenye amplifaya zao, wabaki na keboli. Mpiga solo anayeshuka chini wachimbaji wamtuze, au anayepiga huku akiimba, ana haki ya kununua wayalesi, mradi betri ziwe mpya kila onyesho na keboli ya akiba iwe imelala tayari kando ya amplifaya.

Nanyi wenye kumbi na viongozi wa bendi, nondo ya ethi na fundi wa kuifunga vitangulie kununuliwa. Wayalesi ije baadaye.