Vita na Ujumbe katika Mchezo wa Europa Universalis IV

Mchezo wa tarakilishi uitwao Europa Universalis IV, uliotungwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm na kutolewa mwaka 2013, humkabidhi mchezaji dola moja aitawale tangu tarehe 11 Novemba 1444 hadi mwaka 1821. Kilwa imo miongoni mwa dola hizo. Yafaa basi kuuliza Kilwa hiyo husemezana na dola nyingine kwa lugha gani.

Kwa hakika haisemi. Mjumbe hutumwa kwa jirani ili azue madai juu ya ardhi yake; yakishazuliwa, madai hayo huwa sababu halali ya vita. Hapa watungaji wanastahili sifa, kwani uzushi haukufichwa: mchezaji anajua kuwa madai ni ya uongo, na huyatumia. Vita navyo hupimwa kwa alama zisizozidi 100, ambazo mshindi huzitumia kununulia mikoa na fidia. Anyakuaye mno huchukiwa, na jirani zake huungana dhidi yake. Hofu hiyo ya muungano ndiyo iliyokaribia zaidi ukweli wa mahusiano ya nchi kwa nchi.

Lakini chuki yenyewe ni tarakimu, nayo hupungua mwaka hadi mwaka mfano wa deni linalolipwa. Hakuna barua, hakuna mkalimani. Katika Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728, kisa hupitia katika barua iliyopelekwa kwa Herekali, na msomaji hawezi kuvitenga vita na maneno yaliyovitangulia. Mchezo wetu umevitenga kabisa.

Hasara yake huonekana Kilwa penyewe. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim aahidi kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mnamo Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu zake, akauteka mji. Ibrahim akakimbia, na Muhammad Ankoni akatawazwa mahali pake. Ahadi iliyotolewa mbele ya mizinga, Wareno waliihesabu kuwa mkataba. Aliyeitoa hakuwa na sababu ya kuiita hivyo. Ugomvi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, juu ya maana. Katika mchezo mkataba una maana moja tu kwa pande zote mbili, na kwa hiyo ugomvi wa namna hii hauwezi kutokea.

Mintarafu ya maarifa, hadi mwaka 2016 dola za Kiafrika zililipa gharama kubwa zaidi kwa ufundi uleule kwa sababu tu ya kundi zilimopangwa. Mwaka huo utaratibu ukabadilishwa: sasa maarifa huenea kutoka mahali yalipozuka, na la kwanza kuzuka, baada ya mwaka 1450, huzuka Italia. Ama nchi zisizo na dola, hizo ramani huziita tupu. Wenyeji wake wamepewa idadi na kiwango cha ukali, mjumbe hawakupewa.