Giza si Huzuni Kila Mara: Mwangaza na Fremu katika Filamu ya Pumzi

Katika mtihani mmoja wa mwigo tuliosahihisha kwa pamoja walimu wa shule kadhaa, watahiniwa waliulizwa waeleze jinsi mandhari yanavyojenga hali ya moyo katika kifungu kilichomhusu mama aliyesimama ufuoni saa sita mchana, akimsubiri mwanawe aliyekwenda kuvua. Mwongozo wa kusahihisha ulisema mwangaza unaashiria matumaini. Mtahiniwa mmoja aliandika kwamba mwangaza huo unatisha, kwa kuwa bahari yote inaonekana hadi upeoni na hakuna chombo. Akapewa sufuri. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Mimi nilikuwa upande wa mtahiniwa, na makala haya ni utetezi wake, ingawa nimechelewa. Kauli ya kwamba giza ni huzuni na mwangaza ni furaha tumeifundisha mno hata imekuwa ufunguo mmoja wa kila kufuli. Sisi wa Kikambala tungepaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Hapa tuko karibu digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Jua la utosini halimfurahishi mtu, na anayetaka raha hutafuta kivuli cha mwembe. Mwanafunzi anayajua haya mwilini mwake, ila akishika kalamu anayasahau.

Dawa niliyoipata ni filamu. Hebu tuiangalie Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu iliyotolewa mwaka 2009. Inachukua dakika 20 hivi, kwa hiyo inatosha katika kipindi kimoja na muda wa mjadala ukabaki. Mazungumzo ni machache sana, nayo si ya Kiswahili, jambo ambalo huenda likamtia shaka mwalimu mwenzangu. Kwangu uchache huo ni faida. Mwanafunzi hana usemi wa kudondoa, analazimika kutazama.

Kisa ni hiki. Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji, vimekwisha miaka 35 iliyopita. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa nguvu za miili yao na kuyatumia tena maji ya jasho na mkojo. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anatumiwa udongo na mtu asiyejulikana. Anapanda mbegu ya zamani humo, nayo inachipua. Wakubwa wanamkatalia ruhusa ya kutoka. Anatoroka na mche wake, anavuka jangwa, na mwishowe anaupanda.

Sasa tutazame mwangaza. Ndani ya jengo mna mwanga hafifu wa taa, wenye ubaridi, na rangi zilizofifia. Hauliwazi, wala hauui. Asha anapotoka nje, picha inafurika mwanga: jua kali, mchanga uliopauka, anga isiyo na wingu. Mwanafunzi mwenye ule ufunguo wake mmoja atasema Asha ametoka gizani na kuingia katika matumaini. Kwa upande mmoja ni kweli, maana ametoka kifungoni. Lakini mwangaza huo huo ndio unaomkausha. Kila picha ya jangwa inavyozidi kung'aa ndivyo maji yake yanavyozidi kupungua. Uhuru na mauti vimewekwa katika taa moja, na hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Kisha Asha anapoupanda mche, anaumwagia maji yaliyobaki, anaukamulia jasho lake, na kuulalia karibu ili mwili wake uukinge na jua. Tendo la upendo mkubwa kuliko yote katika filamu ni kutia kivuli. Mwanafunzi akiliona hili, ameelewa jazanda bila kuhitaji fasili ya jazanda.

Fremu nayo inasema. Ndani ya jengo Asha amezungukwa na kuta na vioo, naye ni mkubwa katika picha. Jangwani anakuwa kitone, na sehemu kubwa ya picha ni mchanga mtupu. Picha ya mwisho ndiyo ninayowarudishia wanafunzi mara mbili tatu. Kamera inapaa na kurudi nyuma. Asha anazidi kuwa mdogo, mti unakua mahali alipolala, na kamera ikizidi kwenda mbali tunaona kijani cha msitu pembeni. Asha hakuuona msitu huo. Sisi tumeuona kwa sababu tu fremu imepanuka. Hiyo ni kinaya ya kidrama, na imejengwa bila neno hata moja. Muulize mwanafunzi: kama kamera ingebaki karibu na uso wake, tungehuzunika au tungetumaini?

Tofauti na hayo, katika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, giza linahitajiwa. Denge na wenzake wanaupinga ukoloni wa Waingereza kwa siri, na usiku ni mlinzi wao. Atakayewaonyesha wanafunzi filamu hiyo awaonye tu kwamba haichukui nafasi ya kuisoma riwaya.

Nami sikuyajua haya kwa kuzaliwa. Nilipowasaidia wanafunzi kutengeneza filamu yao ya kwanza, tulipiga onyesho la msiba ufuoni saa saba mchana, tukidhani mwanga mwingi ndio ubora. Nyuso zilitoka nyeusi tititi, macho yamezama vivulini. Kosa halikuwa la ngozi za watoto. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, na mchanga mweupe ukiijaza fremu, huipunguza picha yote na kuuacha uso gizani. (Historia yenyewe ina lawama zake: tangu miaka ya 1950, na kwa miongo kadhaa, kadi ambazo Kodak iliwapa wasafishaji picha za kusawazishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe.) Tulirudia alfajiri. Kwetu jua hutoka baharini, hivyo mwigizaji anayeitazama bahari wakati huo huangazwa usoni kwa mwanga laini. Onyesho lile lile, maneno yale yale, likawaliza watu.

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji fedha. Simu moja ya mwalimu inatosha. Mpigeni picha mwanafunzi mmoja, akiwa na uso usioonyesha hisia yoyote, mara nne: juani saa sita, chini ya mnazi, mlangoni mwa darasa, mwanga ukitoka nyuma yake, na kwa mbali kabisa, uwanja mtupu ukiwa umemzunguka. Kabla ya kupiga, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, isipokuwa ile ya mlangoni, ambayo iachwe iwe nyeusi. Kisha kila mmoja aandike aya moja kuhusu kila picha, na katazo liwe moja: neno "linaashiria" lisitumiwe.

Darasani kwangu, picha ya mlangoni ilizua ugomvi. Nusu waliona mtu anayeondoka, nusu wakaona mtu anayerudi nyumbani. Nilizipa alama aya za pande zote mbili.