Manaibu Wawili wa Chuo Kimoja

Ukitoka Kimaka, Jinja, kwenda Mbale, utapita Iganga, kilipo Chuo cha Ualimu cha Bishop Willis. Karibu na Mbale kuna Chuo cha Ualimu cha Nyondo. Vyote viwili viliteuliwa kuwa vyuo viini, yaani vyuo vinavyohudumia pia shule za nje, katika mageuzi ya elimu ya msingi yaliyoanza Uganda mwaka 1993, na muundo wake wa uongozi unastahili kuchambuliwa.

Shida ilikuwa hii: shule za vijijini zilijaa walimu wasiosomea ualimu, na kuwaita wote chuoni kungeacha madarasa bila mtu. Wizara ya Elimu ikaugawa uongozi wa chuo. Chini ya mkuu wa chuo wakawekwa manaibu wawili. Mmoja alishika mafunzo ya wanachuo wa bweni; mwingine alishika kazi ya nje. Huyu wa pili aliwasimamia wakufunzi waratibu, kila mmoja akiwa na kituo chake katikati ya kundi la shule jirani. Mratibu aliwafundisha walimu waliokwisha kuajiriwa wakati wa likizo, kisha akawafuata darasani muhula ukianza.

Faida kubwa ilikuwa mrejesho. Idara ya hisabati ya chuo haikuhitaji kusubiri matokeo ya mtihani ili ijue kama mbinu zake zinafaa, maana mratibu alizishuhudia zikijaribiwa mbele ya watoto. Mwaka 1997 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Mtandao huo wa waratibu ulikuwa tayari umeshaanza kazi.

Udhaifu ulikuwa kwenye mamlaka. Mratibu alikuwa mtu wa chuo, lakini mwalimu na mkaguzi walikuwa chini ya wilaya. Mratibu angeweza kushauri. Kuwajibisha hakukuwa kwake. Wilaya isiposhirikiana na chuo, ushauri uliishia kwenye daftari la wageni. Hata ndani ya chuo, naibu wa nje asipopata mafuta ya pikipiki za waratibu, nusu ya chuo ilisimama.

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, na mafunzo yanahamia kwenye taasisi moja ya taifa. Shahada ni jambo jema. Lakini taasisi hiyo ikipanga idara bila kiongozi mwenye dhamana ya shule za nje, na bila fungu lake la bajeti, itahitimisha walimu ambao haijui wanavyofundisha. Cheo cha naibu wa pili kilindwe.