"Fosforasi" Isiyo Fosforasi

Lipo kosa moja la istilahi linalostahili kusahihishwa kabla halijaota mizizi, nalo ni kuviita "fosforasi" vitu ving'aavyo vinapopigwa na eksirei. Kwa Kiingereza, jina la elementi hiyo na jina la vitu hivyo hutofautiana kwa kiishio tu, na yote mawili yametokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mleta nuru. Hata hivyo, undugu wa majina si undugu wa vitu.

Röntgen alipogundua eksirei huko Würzburg mwaka 1895, kilichong'aa mbele yake kilikuwa msombo wenye bariamu na platini. Mabamba ya kuhifadhi picha yaliyoletwa na kampuni ya Fuji ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalipakwa msombo wa bariamu, florini na bromini, uliotiwa yuropiamu kidogo. Katika misombo hiyo yote hamna fosforasi. Mtunza bohari akisoma "bamba la fosforasi" atakuwa na haki ya kuhofia moto, maana fosforasi nyeupe huweza kuwaka yenyewe hewani.

Kosa la pili ni kuliita bamba hilo "filamu". Filamu husafishwa kwa dawa katika chumba cha giza, na picha yake hudumu. Bamba hili hutenda vingine: eksirei hung'oa elektroni, nazo hunaswa ndani ya fuwele, mwali mwekundu wa leza huzifungua, na zinaporejea mahali pake hutoka nuru ya buluu, ambayo hupimwa na kugeuzwa kuwa picha. Kisha mwanga mkali hufuta masalio, na bamba hutumika tena. Mhudumu aliyeambiwa kuwa hii ni filamu aweza kuiweka kabatini, na picha ya mgonjwa ikafifia kabla haijasomwa.

Tunapendekeza kitu king'aacho kiitwe "king'azi", na hiki cha kuhifadhi picha "king'azi hifadhi". Nuru yenyewe iwe "mng'ao": uzimikao mara moja ni "mng'ao wa papo", udumuo ni "mng'ao wa kukawia", na huu wa leza ni "mng'ao wa kuamshwa".

Mwenye maneno bora na ayalete, tuyapime pamoja. Lakini fosforasi tuiachie elementi yake.